Nafuu ya mafuta ilivyokwisha, na mzigo ulivyotua mashambani na mijengoni Ukambani

Oktoba ni mwezi wa kulima Kitui na Makueni. Mvua za vuli ndizo za kutegemewa katika kaunti hizi mbili za Ukambani. Za masika huja kwa kusitasita na mara nyingi hukatika mahindi yakiwa bado machanga. Ndengu, kunde, mbaazi na mahindi hutiwa udongoni kabla ya tone la kwanza kuanguka, au siku chache baadaye. Aliyechelewa wiki mbili huenda akavuna mabua.

Oktoba 2023 mvua ilikuja, tena ya El Nino, katika nchi iliyokuwa imetoka kwenye misimu mitano mfululizo ya ukame. Mwezi uo huo dizeli ilifika shilingi 205.47 kwa lita jijini Nairobi, petroli 217.36 na mafuta taa 205.06. Kenya haikuwa imewahi kuziona bei hizo.

Katika kila lita ya dizeli ya mwezi ule, kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ilichukua shilingi 28 na senti. Ushuru wa bidhaa ulikuwa shilingi 11.37, tozo ya ukarabati wa barabara 18, na tozo ya maendeleo ya petroli 5.40. Hizo nne peke yake zilipita shilingi 63, karibu thuluthi ya bei nzima.

Shambani bei hiyo huonekana kwa macho. Trekta ya kukodi husimama mpakani, dereva akachovya kijiti kikavu ndani ya tangi na kukitoa. Alama ya unyevu kwenye kijiti ndiyo huamua kama ekari ya tatu italimwa leo, au mwenye shamba aende kwanza kutafuta pesa za dumu jingine. Ng'ombe wa plau ndio waliobeba kilimo cha Ukambani miaka yote, lakini ukame ulipokaza wengine walikufa na wengine wakauzwa kwa bei ya kutupa. Kwa familia zilizobaki bila jozi ya kulimia, msimu ule ulitegemea kijiti kile.

Ukingoni mwa Mto Athi, upande wa Kibwezi, hali ni hiyo hiyo kwa petroli. Pampu ndogo imefungwa kwenye fremu ya chuma, mpira wa maji umelazwa hadi kwenye bamia, matikiti na vitunguu. Petroli hufika kwa bodaboda katika dumu la lita tano. Asiye na pesa za dumu hununua kwa chupa ya lita moja. Chupa ikiisha pampu hunyamaza, na nyanya iliyo kwenye maua haiwezi kungoja mwisho wa mwezi.

> Kodi na tozo nne peke yake zilipita shilingi 63 kwa lita, karibu thuluthi ya bei nzima ya dizeli.

Nafuu iliyoahirishwa hadi ikaisha

Kenya haikuwahi kuwa na mafuta ya bei maalumu kwa mkulima kama baadhi ya nchi. Nafuu iliyokuwapo ilikuwa ya wote: petroli, dizeli na mafuta taa havikutozwa VAT. Mwenye gari kubwa Nairobi na mwenye pampu Kibwezi walisamehewa sawasawa, na siku msamaha ulipoondolewa, waliondolewa sawasawa.

Sheria ya VAT ya 2013 ndiyo iliyoweka tarehe ya mwisho. Iliyaacha mafuta nje ya kodi kwa miaka mitatu tu. Ilipofika 2016, Bunge liliongeza miaka miwili, na Septemba 1, 2018 kodi ya asilimia 16 ikaanza kutozwa. Petroli jijini Nairobi ikaruka hadi shilingi 127.80 kwa lita, dizeli hadi 115.08.

Kelele zilikuwa kubwa. Matatu zilipandisha nauli, wasambazaji wa mafuta wakagoma, vituo vikakauka. Rais Uhuru Kenyatta aliurudisha Mswada wa Fedha bungeni na pendekezo la kupunguza kodi hiyo hadi asilimia 8. Kikao cha Septemba 20 kilikuwa cha vurugu. Wabunge wengi hawakutaka hata hiyo asilimia 8, lakini kulikataa pendekezo la rais kulihitaji kura za thuluthi mbili ya wabunge wote. Hazikupatikana. Siku iliyofuata mswada ulitiwa saini.

Asilimia 8 ilidumu karibu miaka mitano. Sheria ya Fedha ya 2023, iliyotiwa saini na Rais William Ruto mwezi Juni, ilirudisha asilimia 16 kuanzia Julai 1. Mahakama Kuu iliisimamisha sheria hiyo Juni 30 kufuatia kesi ya Seneta Okiya Omtatah, lakini bei mpya zilitangazwa hata hivyo, na Julai 28 Mahakama ya Rufaa ikaondoa zuio. Oktoba 2024 Mahakama ya Juu iliamua kuwa sheria hiyo ilikuwa halali.

Kwa hesabu ya bei za Oktoba 2023, kutoka asilimia 8 kwenda 16 kulimaanisha shilingi 14 zaidi kwa kila lita ya dizeli.

Ruzuku ya mafuta ikabadilishwa kwa mbolea

Kati ya kodi hizo mbili palikuwa na nafuu nyingine, ya ruzuku. Kuanzia 2021 serikali ilitumia fedha za tozo ya maendeleo ya petroli, iliyokuwa imepandishwa Julai 2020 kutoka senti 40 hadi shilingi 5.40 kwa lita, kuwalipa wauzaji wa mafuta ili bei isipande. Katikati ya 2022, wakati vita vya Ukraine vilipoyapandisha mafuta duniani kote, dizeli Kenya ilizuiwa kwenye shilingi 140.

Ruto aliapishwa Septemba 13, 2022. Katika hotuba yake alisema ruzuku hiyo ilikuwa imeigharimu nchi shilingi bilioni 144, na kwamba serikali yake ingesaidia uzalishaji badala ya matumizi. Kesho yake ruzuku ya petroli ilifutwa, ya dizeli na mafuta taa ikapunguzwa. Dizeli ilipanda kwa shilingi 25 kwa siku moja, kutoka 140 hadi 165. Upande wa pili wa mizani, mfuko wa mbolea wa kilo 50 uliokuwa ukiuzwa shilingi 6,500 ulishushwa hadi 3,500, na mwaka uliofuata hadi 2,500.

Kwa mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia au Uasin Gishu, mabadilishano hayo yalikuwa na maana kubwa. Kwa Ukambani hesabu ni tofauti. Shamba la ndengu katika nchi kavu ya Mwingi au Mutomo hutumia samadi ya zizi, na mbolea ya kiwandani hununuliwa kidogo au haununuliwi mfuko hata mmoja, kwa sababu mvua isipokuja mbolea huunguza mmea. Kinachomgharimu mkulima huyo ni kulima kwa wakati, kupata maji, na kufikisha mazao sokoni. Yote matatu yanataka mafuta.

Hapo ndipo mgawanyo wa uzalishaji na matumizi ulipokosea. Dizeli iliyo ndani ya trekta inayolima ni pembejeo kama mbolea ilivyo pembejeo. Sera ilizitambua lita zote kuwa za matumizi, hata zile zilizokuwa zinapindua udongo.

> Dizeli iliyo ndani ya trekta inayolima ni pembejeo kama mbolea ilivyo pembejeo.

Kodi isiyo na pa kwenda

VAT imebuniwa ili isimkae mzalishaji. Mfanyabiashara aliyesajiliwa huilipa anaponunua, huitoza anapouza, kisha hukata ile aliyolipa kutoka ile aliyotoza. Mzigo huishia kwa mnunuzi wa mwisho. Kiwanda cha saruji kinachonunua dizeli yenye VAT huidai, na kodi husonga mbele.

Mkulima hana mlango huo. Mazao yasiyosindikwa yamesamehewa VAT, na msamaha huo ni mzuri kwa anayenunua kunde sokoni. Lakini anayeuza bidhaa iliyosamehewa haruhusiwi kudai kodi aliyoilipa alipokuwa akiizalisha. Huduma za kilimo nazo zimesamehewa, kwa hiyo mwenye trekta ya kukodisha yuko katika hali ile ile: VAT ya dizeli humkaa yeye, naye huipeleka kwenye bei ya kulima ekari.

Chukua trekta inayotumia lita kumi kwa ekari moja. Kwa bei ya Oktoba 2023, kodi na tozo zile nne zilifika shilingi 631 kwa ekari hiyo, kabla ya faida ya mwenye trekta na ujira wa dereva. VAT peke yake ni 283. Mwenye ekari tano za ndengu alikuwa ameilipa serikali zaidi ya shilingi 3,000 kabla hata mbegu haijaota.

Wala hana wa kumpokeza mzigo. Bei ya ndengu haipangwi na anayezilima. Mnunuzi huja na lori na mizani yake msimu wa mavuno, wakati kila nyumba inauza kwa pamoja na karo ya shule inadaiwa. Akitaja bei, hiyo ndiyo bei. Embe za Makueni ni vivyo hivyo, tena zaidi, kwa kuwa embe lililoiva halina subira. Kiwanda cha kusindika matunda cha Kalamba kilichojengwa na serikali ya kaunti kimewapa baadhi ya wakulima mnunuzi wa pili, lakini embe nyingi bado husafiri kwa lori kwenda Nairobi na Mombasa, na gharama ya safari hukatwa kwenye bei anayolipwa mwenye mti.

Kuna jambo linalouma zaidi ukiitazama ramani. Bomba la mafuta la kutoka Mombasa hadi Nairobi hupita chini ya ardhi ya Makueni. Mwaka 2015 lilivuja Thange, katika eneo la Kibwezi, mafuta yakaingia mtoni na kwenye mashamba. Wakazi wa njia ya bomba wameyabeba madhara yake, huku mafuta yenyewe yakiwarudia kwa lori kwa bei yenye nauli juu yake.

Mjengoni: zabuni haipandi, dizeli inapanda

Kwa wajenzi, kuisha kwa nafuu kuliingia kwa mlango mwingine.

Ujenzi wa Ukambani una sura mbili. Upo wa miji, yaani nyumba za kupanga na maduka yanayoinuka Wote, Emali, Kitui mjini na Mwingi. Na upo wa maji na barabara: silanga zinazochimbwa kwa tingatinga, mabwawa ya mchanga, barabara za vumbi zinazochongwa kwa greda baada ya kila mvua kubwa. Huu wa pili, kwa sehemu kubwa, hulipwa na kaunti au serikali kuu kwa zabuni.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 139, inakataza kuongeza bei ya mkataba ndani ya miezi 12 tangu utiwe saini. Nia yake ni njema: kuwazuia wanaotaja bei ya chini ili washinde zabuni kisha waipandishe. Lakini mkandarasi aliyetia saini Agosti 2022 alipiga hesabu kwa dizeli ya shilingi 140. Mwezi mmoja baadaye ilikuwa 165. Julai 2023, VAT ilipopanda, ilikuwa 179.67. Kwa mtambo unaokunywa lita 100 kwa siku, shilingi 14,000 zimekuwa 17,967, na mkataba bado haujatimiza mwaka.

Mkandarasi mkubwa mwenye mitaji hustahimili, tena amesajiliwa kwa VAT na anaweza kuidai. Mdogo, ambaye mauzo yake ya mwaka hayafiki shilingi milioni tano, halazimiki kusajiliwa, na asiyesajiliwa hadai kitu. Amebaki na njia chache, zote mbaya: achimbe silanga yenye kina kifupi kuliko mchoro, asimamishe kazi akisubiri malipo, au awacheleweshee vibarua ujira wao. Silanga yenye upungufu wa mita moja hukauka wiki kadhaa mapema, na wiki hizo ndizo ambazo akina mama na punda wao hurudi kutembea kilomita nyingi kutafuta maji.

Kazi za mwethya, yaani za ushirika wa kijiji, nazo hazikusalimika. Mabwawa ya mchanga, ambayo Kitui imejulikana nayo kwa miongo kadhaa kupitia mashirika kama SASOL, hujengwa kwa mikono ya wanakijiji: mawe hubebwa, mchanga huchotwa, maji huletwa kwa madumu. Nguvu hiyo haitozwi kodi. Lakini saruji haitoki mtoni. Hutoka viwandani upande wa Athi River, na lori huipeleka hadi kijiji ambacho huenda kiko kilomita 200 na zaidi kutoka hapo. Kadiri kijiji kilivyo mbali na lami ndivyo nauli ya kila mfuko inavyozidi, na vijiji vilivyo mbali na lami ndivyo visivyo na maji.

Mchanga wenyewe ni biashara ya dizeli. Makueni ilitunga sheria mwaka 2015 ya kuhifadhi na kudhibiti mchanga, baada ya mito kuchimbwa hadi mwamba ukaonekana. Gharama ya mafuta ikipanda, mwenye tipa hutafuta mchanga wa karibu zaidi na barabara, bila kujali kama mahali hapo pameruhusiwa. Hakuna aliyeipigia hesabu athari hiyo wakati kodi ilipokuwa ikijadiliwa Nairobi.

> Silanga yenye upungufu wa mita moja hukauka wiki kadhaa mapema.

Tozo ya barabara kwa pampu isiyotembea

Kati ya makato yote yaliyomo ndani ya lita, moja ni gumu kulitetea mbele ya mkulima wa kumwagilia. Tozo ya ukarabati wa barabara ilianzishwa kwa sheria ya 1993 ili anayeitumia barabara ailipie, kwa kadiri anavyoitumia. Ni kanuni ya haki. Ilikuwa shilingi 18 kwa lita tangu 2016, na Julai 2024 ikapandishwa hadi 25.

Tozo hiyo hukatwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli, popote itakapochomwa. Pampu iliyofungwa ukingoni mwa Athi haijawahi kukanyaga lami. Kinu cha kusagia cha sokoni kimejengewa msingi wa saruji na hakiondoki. Lakini mama anayeleta gorogoro mbili za mahindi hulipia lami ndani ya bei ya kusagiwa. Jenereta ya kisima kirefu, mashine ya kuchanganya zege, tingatinga linalobebwa juu ya lori hadi penye kazi: vyote vinachangia barabara visizozitumia.

Kwa ushuru wa bidhaa na VAT serikali inaweza kusema kwamba kodi ni kodi, na fedha huenda kwenye kapu la wote. Kwa tozo yenye jina la barabara, hoja hiyo haipo.

Hoja za upande wa Hazina ya Kitaifa

Waliotaka nafuu iishe hawakukosa sababu, na sababu mbili kati ya hizo ni nzito.

Ya kwanza ni ya haki. Nafuu inayotolewa kwenye pampu ya kituo humfaidi zaidi anayenunua lita nyingi. Mwenye magari matatu jijini alikuwa akipata msamaha mara nyingi kuliko mkulima anayenunua chupa. Serikali yenye madeni makubwa, iliyoingia katika mpango wa mkopo na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) Aprili 2021, haikuona kwa nini iendelee kuyasamehe magari hayo.

Ya pili imeandikwa kwenye historia ya mafuta taa. Kwa miaka mingi yalitozwa kodi ndogo kwa kuwa ndiyo taa na jiko la maskini. Tofauti ya bei ikawavutia walaghai: mafuta taa yakachanganywa na dizeli, injini za matatu na malori zikaharibika, serikali ikapoteza kodi. Mwaka 2018, katika sheria ile ile ya fedha, mafuta taa yalibandikwa tozo ya shilingi 18 kwa lita ya kuzuia uchanganyaji, na ushuru wake ukapandishwa.

Uchanganyaji ulipungua. Koroboi nazo zilipungua mafuta. Nyumba isiyo na umeme Kyuso au Ikutha ililipa ili mlaghai wa kituo cha mafuta akose faida. Somo la mafuta taa basi lina pande mbili, na Hazina hutaja upande mmoja tu. Ni kweli kwamba bidhaa ile ile ikiuzwa kwa bei mbili, wizi hufuata. Ni kweli pia kwamba kuufunga mwanya kwa kupandisha kodi humtoza asiyekuwa mwizi.

Wengine walivyofanya

Uingereza ilipaka rangi. Dizeli ya mashine zisizotembea barabarani hutiwa rangi nyekundu na kutozwa ushuru mdogo, na lori likikamatwa barabarani na mafuta mekundu tangini mwenyewe huadhibiwa. Aprili 1, 2022 wajenzi na wachimbaji waliondolewa kwenye nafuu hiyo, wakulima wakabaki. Ujerumani ilipotangaza kuifuta nafuu ya dizeli ya kilimo, Januari 2024 wakulima waliingia Berlin na matrekta yao kwa maelfu.

Mfano unaofaa zaidi kwa Kenya upo Afrika Kusini. Huko mkulima hununua dizeli kwa bei ya kila mtu, kisha hurejeshewa sehemu ya tozo kwa lita alizotumia shambani, kwa kuonyesha kumbukumbu. Kituoni bei ni moja, kwa hiyo mlaghai hana cha kuchanganya.

Majirani nao wana njia yao. Uganda na Tanzania zimeyaacha petroli na dizeli nje ya VAT, zikitegemea ushuru wa bidhaa na tozo. Tanzania ilipobanwa na bei za 2022 ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 za nchi hiyo kwa mwezi Juni. Nafuu hizo pia ni za wote, lakini mkulima wa huko angalau hakwami na VAT asiyoweza kuidai.

Kinachowezekana

Kikwazo kilichotajwa kila mara ni kwamba Kenya haina orodha ya kujua mkulima ni nani. Kikwazo hicho kimeondoka. Ili kugawa mbolea ya ruzuku, serikali iliwasajili mamilioni ya wakulima kuanzia 2023, kwa kitambulisho, simu na ukubwa wa shamba, na ujumbe wa kuchukua mbolea hutumwa kwa simu hizo hizo. Orodha iliyoweza kupeleka mfuko wa mbolea inaweza kupeleka shilingi 631 kwa ekari.

Marejesho yakipimwa kwa ekari, badala ya lita, hakuna risiti ya kughushi wala mafuta ya kuchanganya. Anayelima kwa ng'ombe atapata kama anayelima kwa trekta, na hilo si kosa. Hata yeye hulipa dizeli ya lori linalobeba ndengu zake. Kwa anayemwagilia, kiwango kiwe cha juu zaidi, kwa kuwa pampu hula mafuta msimu mzima.

Nishati ya jua inapunguza mzigo mahali maji yapo karibu. Visima vingi vya jamii vimeanza kuachana na jenereta, na pampu za sola zinaonekana kando ya mito ya Kibwezi. Lakini pampu ya petroli hununuliwa kwa pesa ya msimu mmoja mzuri, na ya sola hutaka akiba ya misimu kadhaa au mkopo. Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa 2018 mahali Thwake inapokutana na Athi kwenye mpaka wa kaunti hizi mbili, limekusudiwa kumwagilia hekta 40,000. Maji hayo yakifika, mashamba yaliyo juu ya bonde yatahitaji nguvu ya kuyapandisha, na nguvu hiyo ikiwa ya dizeli, mjadala huu utarudi ukiwa mkubwa zaidi.

Kwa wajenzi, dawa ni ya sheria na haihitaji fedha mpya. Bei ya mafuta hutangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli (EPRA) tarehe 14 ya kila mwezi, na kila mtu huisoma. Mkataba wa silanga au barabara unaweza kutenga gharama ya dizeli na kuifuata bei hiyo, ikipanda ilipwe zaidi, ikishuka kaunti ibaki na chenji. Kifungu cha 139 kingebaki na ukali wake kwa mengine yote.

Hakuna kati ya haya linalohitaji kuirudisha nafuu ya zamani. Ile ilistahili kuondoka, ilimlisha aliyeshiba. Kosa lilikuwa kuiondoa bila kumtenga aliyekuwa akiitumia kuzalisha chakula na kuchimba maji.

Kitui ina maeneobunge manane na Makueni sita. Kila mwaka, kabla ya Mswada wa Fedha kupigiwa kura mwezi Juni, Kamati ya Fedha ya Bunge la Kitaifa hupokea maoni ya wananchi kwa maandishi na kwa mdomo. Wenye pampu wa Kibwezi, wenye trekta wa Mwingi na wakandarasi wadogo wa Wote wanazo risiti za mafuta. Wazikusanye, waandike lita na ekari zao, na wazipeleke kwa kamati hiyo na kwa wabunge wao kumi na wanne, kabla Oktoba nyingine haijafika.